Kupima Pumzi ya Mtoto Mwenye Afya: Mwongozo kwa Timu za Shuleni Mombasa

Spirometa, yaani mashine ya kupima hewa anayopuliza mtu, siku hizi inaingia kwenye mkoba wa begani, na ndiyo maana wengi hudhani kazi ni kuibeba tu hadi shule ya Likoni au Kisauni, kupanga watoto mstari na kuanza kuwapulizisha. Mashine haikatai. Mtoto aliyepuliza nusu pumzi itampa namba, na aliyepuliza kikamilifu itampa namba, na kwenye karatasi zote mbili zitaonekana nadhifu. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba namba unayoandika ni ya mapafu ya mtoto, si ya aibu yake, viatu vyake au haraka yako.

Mwongozo huu umeandikiwa wauguzi, maafisa wa kliniki na walimu wanaosaidia kazi ya afya shuleni, wanaopima watoto wa miaka 6 hadi 15 ambao hawaumwi. Wapo wanaouliza kuna faida gani kumpima asiyeumwa. Jibu ni kwamba huwezi kusema pumzi ya mtoto fulani imepungua kama hujui ya wenzake wazima ikoje. Mombasa ina watoto wanaokua kando ya barabara za malori ya bandarini, na wengine nyumba zao hupikia makaa au mafuta ya taa chumba kile kile wanacholala. Tukitaka kujua hayo yanafanya nini vifuani mwao, lazima tuanze na kipimo safi cha mtoto mwenye afya.

1. Mzazi kwanza, kisha mtoto mwenyewe

Barua ya shule iende kwa Kiswahili chepesi na iseme mambo matatu mapema: hakuna sindano, hakuna damu inayotolewa, na hiki si kipimo cha kifua kikuu wala cha Ukimwi. Usiposema, mtaa utajisemea wenyewe. Mzazi au mlezi atie sahihi; Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini yake kabla hujashughulikia taarifa za mtoto. Ikiwa kazi ni ya utafiti, utahitaji pia kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), na hivyo vitafutwe miezi kabla, si wiki.

Kisha muulize mtoto. Akikataa, basi. Kipimo hiki kinategemea nguvu anayotoa mwenyewe, na mtoto aliyelazimishwa hana namba ya kukupa.

Ratiba nayo ina mambo yake hapa pwani. Epuka mwezi wa Ramadhani, kwani mtoto mwenye kiu na njaa hatapuliza kwa nguvu zote, na hata wadogo ambao hawajafaradhishiwa saumu hujaribu kufunga na wenzao. Ijumaa ni fupi. Wiki za mwanzo za masika mafua hujaa madarasani. Pima asubuhi ikiwezekana, na saa ya kupimwa iandikwe, kwa sababu pumzi hubadilika kidogo kati ya asubuhi na jioni. Ukirudi mwaka ujao, rudi saa zile zile.

2. Nani ni mwenye afya?

Kuwepo shuleni si ushahidi wa afya. Watoto wenye pumu huja shuleni kila siku, wengine bila hata wazazi kujua kuwa ile ni pumu. Dodoso fupi lijazwe na mzazi, ana kwa ana au kwa simu, likiuliza:

- Je, kifua chake kimewahi kulia kama filimbi, hasa katika miezi 12 iliyopita?
- Hukohoa usiku au anapokimbia, hata asipokuwa na mafua?
- Alizaliwa njiti, au aliwahi kuwekewa oksijeni akiwa mchanga?
- Amewahi kulazwa kwa nimonia, au kutibiwa kifua kikuu?
- Ana ugonjwa wa moyo, selimundu (chembe za damu zenye umbo la mundu), au mgongo uliopinda?
- Je, kuna mtu anayevuta sigara ndani ya nyumba? Kunapikiwa nini, na wapi?

Swali la selimundu usiliruke. Ugonjwa huo uko pwani yetu, na huathiri mapafu taratibu. Swali la mwisho halimwondoi mtoto kwenye orodha, bali unaliweka kumbukumbu. Ukiwaondoa wote wanaoishi na moshi wa makaa utabaki na watoto wa mitaa michache tu, na hao si Mombasa.

Vijana wa darasa la juu waulizwe wenyewe, faraghani, kuhusu sigara, shisha na sigara za umeme. Mbele ya mama jibu litakuwa moja tu.

Mwenye mafua au kikohozi siku hiyo aahirishwe hadi apone kabisa; mimi hungoja wiki tatu. Asipulize aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, kifua au tumbo hivi karibuni, wala anayekohoa damu. Huyu wa mwisho anahitaji daktari leo.

3. Chumba na mashine

Chagua chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite. Kufungia watoto katika ofisi ya mwalimu mkuu yenye kiyoyozi ni raha kwenu na hatari kwao, maana mnapulizisha watu mmoja baada ya mwingine. Kila mtoto apate filta yake mpya ya kuzuia vijidudu, itumike mara moja na kutupwa. Kibanio cha pua kisafishwe au kibadilishwe. Mikono ioshwe kila mtoto anapoondoka.

Sasa sirinji ya lita 3, bomba kubwa la kusukumia hewa ya ujazo unaojulikana. Kabla ya mtoto wa kwanza, kila siku, hakiki spirometa kwa kuisukumia hewa hiyo mara tatu: polepole, wastani, kwa kasi. Kila mara mashine isome lita 3 ndani ya 3%, pamoja na kosa dogo la sirinji yenyewe. Isipofika hapo, kagua kama kuna mahali hewa inatoka, filta ikae sawa, rudia. Ikikataa tena, siku hiyo hakuna kupima. Najua ni vigumu kuwaambia walimu hivyo baada ya kuvuka feri na masanduku, lakini namba mbovu za watoto mia ni mbaya kuliko kutokuwa na namba.

Joto letu linaingia hapa. Hewa ikitoka mapafuni ina nyuzi 37 na imejaa unyevu. Ikifika kwenye mashine hupoa na kujikunja, na mashine hurekebisha ujazo kwa kutumia joto la chumba. Spirometa nyingi zinataka uingize joto hilo wewe mwenyewe. Usiache lile la kiwandani la nyuzi 20 au 23 wakati chumba cha Majengo kina 31. Weka kipimajoto mezani na usome tena mchana. Sirinji na spirometa vikae pamoja, nje ya jua, na ukivitoa kwenye gari lenye kiyoyozi viache nusu saa vizoee chumba kabla ya kuhakiki, maana unyevu wa hewa yetu huganda juu ya vyuma baridi. Kuhusu kimo cha mahali hatuna shida: tuko usawa wa bahari.

Chaji betri usiku. Stima ikipotea katikati ya kazi hutapata muda wa kuhangaika.

4. Urefu na umri

Mwaka 1846 daktari wa Uingereza John Hutchinson alichapisha vipimo vya watu zaidi ya 2,000 aliowapima kwa mashine yake, na akaonyesha kuwa ujazo wa pumzi hupanda na urefu wa mtu. Hadi leo urefu ndio unaobeba sehemu kubwa ya hesabu. Kwa makadirio, kosa la 1% kwenye urefu huzaa kosa la 2% hadi 3% kwenye pumzi inayotarajiwa. Mtoto wa sentimita 130 aliyepimwa na viatu vya soli ya sentimita 2.6 ameongezewa 2%, na mapafu yake yataonekana madogo kwa takriban 5% bila kosa lake.

Kwa hiyo: viatu na soksi nene nje, kofia nje. Visigino, makalio na mabega viguse ubao. Tundu la sikio na ukingo wa chini wa jicho viwe kwenye mstari mmoja ulio sambamba na sakafu, kwa sababu watoto hupenda kuinua kidevu waonekane warefu. Msichana aliyesukwa matuta makubwa utosini, tafuta fuvu kati ya misuko kwa ncha ya ubao wa juu. Isipowezekana, andika hivyo. Mwenye hijabu apimwe na mfanyakazi wa kike nyuma ya pazia. Soma hadi milimita, pima mara mbili, na vikitofautiana zaidi ya nusu sentimita pima mara ya tatu.

Pima pia urefu wa kukaa: mtoto juu ya kibao imara, mgongo ukutani. Timu nyingi huruka hatua hii na mimi huiona kama hasara kubwa. Watoto wawili wenye urefu sawa wanaweza kutofautiana kiwiliwili, mmoja akiwa na miguu mirefu na kifua kifupi, na mapafu hukaa kifuani. Hiyo ni sehemu moja ya sababu jamii mbalimbali hutofautiana katika vipimo hivi, ingawa si yote. Lishe, moshi na magonjwa ya utotoni vimo pia.

Umri uwe wa tarehe kamili kutoka cheti cha kuzaliwa au kitabu cha kliniki, si "ana miaka minane". Mtoto wa miaka 8.1 na wa miaka 8.9 wanaitwa wenye miaka minane wote, na mapafu yao yanatarajiwa tofauti.

5. Kupuliza

Hapa ndipo siku yako itakapokwenda. Mtoto asiwe ametoka kukimbia ndani ya saa moja, na asiwe ameshiba mno. Baada ya mahamri na mbaazi ya mapumziko ya saa nne, subiri kidogo. Toa chingamu na peremende mdomoni. Ulizia jino linalotikisika, kwani wa darasa la kwanza na la pili wanayo mengi, nao huogopa kuuma mrija.

Akae kwenye kiti imara kisicho na magurudumu, mgongo wima, nyayo sakafuni. Miguu isipofika, weka kibao chini yake. Legeza mkanda, tai, na pini ya hijabu iliyobana shingo.

Muonyeshe wewe kwa mrija wako. Usimweleze sana. Kisha mbane pua, mrija upite juu ya ulimi na katikati ya meno, midomo iufunge pande zote. Anza:

"Pumua kawaida… vizuri. Sasa vuta! Jaza, jaza, jaza, bado nafasi ipo, jaza… puliza! Puliza, puliza, puliza, bado ipo, bado ipo, endelea, usiache, endelea… haya, vuta tena kwa nguvu. Hodari!"

Neno "puliza" la kwanza lipigwe kelele hasa, na lije pale tu kifua kimejaa. Akikaa amejaa kwa zaidi ya sekunde mbili, nguvu hushuka. Mwambie mwalimu wa darasa la jirani mapema kwamba kutakuwa na makelele. Macho yako yawe kwa mtoto: mabega, mashavu, midomo. Mwenzako ndiye atazame skrini. Mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili vizuri, na atakayekuambia anaweza, omba uone grafu zake.

Usimwambie azime mshumaa. Ni maneno yanayokuja haraka mdomoni, na programu nyingi huweka picha ya mishumaa kwenye skrini, lakini anayezima mshumaa hukunja midomo, hutoa pumzi fupi, na huacha moto unapozimika. Sisi tunataka mlipuko mwanzoni kisha kuendelea hadi kifua kiishe. Picha hiyo itumie kumfundisha mwanzo tu, kisha iondoe.

Kuna mtoto mpole aliyelelewa asipige kelele mbele ya wakubwa. Huyo hupuliza kwa adabu. Usimkemee, mwite mwenzake aliyefanya vizuri amwonyeshe, kwa maana watoto huiga watoto. Kaka au dada yake akiwa shule hiyo hiyo ni bora zaidi. Na kuna yule anayetaka kushinda darasa zima: huyo huinama mbele kama anakimbia mbio, na inabidi umshike bega taratibu akae wima.

Pumziko baina ya puliza moja na nyingine liwe la kutosha. Akiona kizunguzungu, simama, mpe dakika chache. Lengo ni tatu safi. Nane kwa kawaida ndiyo mwisho kwa mtu mzima; mtoto anaweza kuhitaji zaidi kwa sababu majaribio yake mengine si kamili, lakini ukiona namba zinashuka kila mara, amechoka. Mrudishe darasani na shukrani, umwite siku nyingine.

6. Ipi ukubali, ipi ukatae

Mashine hutoa namba mbili kuu. FVC ni hewa yote aliyoweza kutoa kwa nguvu baada ya kujaza kifua. FEV1 ni sehemu ya hewa hiyo iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Viwango vya kuzikubali vimewekwa na jumuiya za madaktari wa mapafu za Marekani na Ulaya, toleo la karibuni likiwa la 2019, na kwa matumizi ya shuleni yanayohusu ni haya.

Mwanzo uwe wa ghafla. Mashine hukokotoa hewa iliyovuja kabla ya mlipuko, nayo isizidi 5% ya FVC au lita 0.100, yoyote iliyo kubwa. Kusiwe na kikohozi katika sekunde ya kwanza. Mwisho, mstari wa ujazo ulale: chini ya mililita 25 zitoke katika sekunde nzima ya mwisho. Zamani tulidai sekunde 3 kwa watoto walio chini ya miaka 10 na tukawatupa wengi bure, kwa sababu mapafu madogo huisha mapema. Dai hilo limeondolewa. Kama mtoto anavuta tena mwishoni, linganisha: hewa aliyoingiza ikizidi aliyotoa kwa zaidi ya lita 0.100 au 5%, hakuwa amejaza tangu mwanzo.

Umbo la grafu ya kasi ya hewa dhidi ya ujazo litakufundisha zaidi ya maonyo ya mashine. Puliza nzuri hupanda wima, huwa na kilele chenye ncha, kisha hushuka laini hadi sifuri. Kilele cha mviringo ni uvivu wa mwanzo. Mstari uliokatika wima kabla ya kufika chini ni mtoto aliyeacha au aliyebana koo. Meno ya msumeno ni kikohozi, au ulimi unaoziba mrija.

Kisha ulinganifu. Kwa aliyezidi miaka 6, FVC mbili kubwa zisitofautiane zaidi ya lita 0.150, na FEV1 vivyo hivyo. Kwa wa miaka 6 au chini, ni lita 0.100 au 10% ya kubwa, yoyote iliyo kubwa. Tuseme mtoto wa miaka 8 ametoa FVC za lita 1.68, 1.61 na 1.57, na FEV1 za 1.46, 1.49 na 1.40. Zote safi. Unaandika FVC 1.68 na FEV1 1.49, ingawa zimetoka katika puliza tofauti. Uwiano, yaani FEV1 ukiigawa kwa FVC, ni 0.89. Usichukue wastani.

Uwiano huo usiulinganishe na mpaka wa 0.70 mliouzoea kliniki za watu wazima. Watoto wana uwiano wa juu zaidi, na mtoto mwenye 0.72 anaweza kuwa na njia za hewa zilizobana huku karatasi ikimsifu.

7. Kulinganisha na nani?

Ndani ya mashine kuna menyu ya majedwali ya marejeo, yanayosema mtu wa umri na urefu fulani anatarajiwa kupuliza kiasi gani, na hapo timu nyingi hubonyeza la kwanza. Jedwali la 2012 la GLI, mpango wa kimataifa wa vipimo vya mapafu, linahudumia miaka 3 hadi 95 na limegawa watu kwa asili. Kundi la watu weusi humo lilijengwa kwa Wamarekani weusi 3,545. Wazungu walikuwa 57,395. Mtoto wa Kidigo wa Likoni au mtoto wa Kisomali wa Mji wa Kale hakuwemo. Toleo la pamoja lisilogawa watu kwa asili lilikuja baadaye, GLI Global 2022, na mwaka 2023 jumuiya ya Marekani ikapendekeza majedwali ya namna hiyo yatumike badala ya yaliyogawanywa.

Ushauri wangu: tumia moja kwa kazi nzima, liandike jina lake kwenye kila fomu, na hifadhi lita halisi. Lita zikibaki, jedwali linaweza kubadilishwa wakati wowote. Ukihifadhi asilimia peke yake umejifungia.

Na usikimbilie kutangaza kuwa mapafu ya watoto wa Mombasa ni madogo au makubwa. Ili kujua kama jedwali linawafaa watu wa mahali fulani, unahitaji angalau wenye afya 150 wa kike na 150 wa kiume. Darasa moja halitoshi.

Soma matokeo kwa alama ya z, inayoonyesha mtoto yuko mbali kiasi gani na kinachotarajiwa kwa wenzake, si kwa asilimia. Mpaka wa chini ni −1.64, na mpaka huo umewekwa makusudi pale ambapo watoto 5 katika kila 100 wenye afya wataangukia chini yake. Katika darasa la watoto 40, tarajia wawili. Hawaumwi kwa sababu hiyo tu.

8. Unamwambia nini mzazi?

Mama wa mmoja wa hao wawili atakuja langoni. Usimpe jina la ugonjwa wala usimwambie "kawaida tu" kumwondoa. "Mama Saidi, mtoto amepuliza vizuri, namba yake iko chini kidogo ya wenzake. Tutampima tena wiki ijayo. Ikibaki hapo, nitakuandikia barua umpeleke kliniki." Matokeo ya mtoto mmoja yasisomwe mbele ya mwingine, wala yasibandikwe ubaoni.

Kama shule haina spirometa, kipo kipima-kasi cha pumzi cha mkononi, kile cha mshale. Mtoto asimame, mshale urudishwe sifuri, apulize mara moja kwa ghafla. Rudia mara tatu, mbili kubwa zisiachane zaidi ya lita 40 kwa dakika, andika kubwa. Kinafaa kumfuatilia mtoto mmoja kwa kifaa kile kile, lakini hakikuonyeshi ujazo wa mapafu, na vifaa vya zamani hutumia skeli tofauti na vipya, kwa hiyo usichanganye namba za shule mbili kabla hujatazama skeli zao. Walio chini ya miaka mitano waache kwanza. Kwao kuna mashine ya mawimbi ambayo mtoto hupumua tu kwa utulivu, na hiyo ni kazi ya hospitali.

Kabla ya kufunga masanduku, hamisha data, ifungie kwa nywila, na simu ya mtu binafsi isipige picha ya skrini yenye jina la mtoto.